Kutengeneza ubao wa kugusa kwa rimoti kuukuu ya Wii: mwongozo kamili kwa walimu wa Dar

Watoto sitini, laptopu moja. Anayeishika ni mmoja, na hamsini na tisa waliobaki wanatazama kisogo chake. Nimeliona hilo kila Jumamosi katika klabu ya kompyuta tunayoiendesha kwenye shule moja ya msingi huku Mbagala. Projekta tulipata ya kuazima, lakini nayo iligeuka kuwa sinema: picha kubwa ukutani, watoto wametulia, na mwenye kipanya bado ni mmoja, tena mwalimu.

Kilichobadili mambo ni rimoti ya gemu ya Wii, ile nyeupe ndefu, niliyoikuta Kariakoo kwenye kapu la vifaa vya mtumba, imechanganyika na chaja na nyaya za redio. Kwa rimoti hiyo, taa moja ndogo na betri moja, ukuta uligeuka kuwa ubao ambao mtoto anausogelea, anaugusa kwa kalamu, na kompyuta inamtii. Hapa naeleza kazi yote, kuanzia kununua hadi somo lenyewe.

Macho yamo ndani ya rimoti

Wii, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, ilianza kuuzwa Novemba 2006, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Ndiyo sababu rimoti zake bado zinazagaa kwenye mitumba hata pale ambapo mashine zenyewe zimekwisha kufa.

Wengi huamini kwamba ule upau mweusi unaowekwa juu ya televisheni ndio unaoiona rimoti. Upau huo hauoni chochote. Ndani yake mna taa za infraredi tu, zimepangwa kwenye ncha mbili, zikitoa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kamera iko kwenye rimoti, nyuma ya kile kioo cheusi cha mbele. Inafuatilia hadi nukta nne za mwanga wa infraredi, mara 100 kwa sekunde, na kila nukta inaitolea namba mbili: ya mlalo kuanzia 0 hadi 1023, na ya wima kuanzia 0 hadi 767. Haipeleki picha, inapeleka namba hizo tu, na ndiyo maana bluetuthi ya kawaida inaimudu.

Mwaka 2007 Johnny Chung Lee, wakati huo akisomea udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, aliugeuza mpango huo kichwa chini. Badala ya taa kukaa na rimoti kutembea, aliikalisha rimoti akaitembeza taa. Weka taa kwenye ncha ya kalamu, elekeza rimoti ukutani penye picha ya projekta, na kompyuta itajua kalamu ilipo. Aliigawa programu yake bure, na kazi yote hii inasimama juu ya wazo lake hilo.

Kununua

Nenda Kariakoo asubuhi, kabla joto na msongamano havijakutoa kwenye hesabu. Chukua betri mbili mpya za AA na simu ya Android. Fungua kifuniko cha nyuma kwanza. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma vya betri, rimoti hiyo ilisahauliwa na betri ndani. Ukungu kidogo husafishwa kwa siki na mswaki, lakini kama umeshaila bati, iache.

Ukishaweka betri, washa bluetuthi ya simu, tafuta vifaa vipya, kisha bonyeza kwa pamoja vitufe 1 na 2 vya rimoti. Taa nne za bluu zitapepesa na simu itaonyesha jina Nintendo RVL-CNT-01, au jina hilohilo likiwa na TR mwishoni. Hapo unajua redio yake ni nzima. Kamera huwezi kuipima dukani kwa simu, na nakala za bandia mara nyingi huharibikia hapohapo. Rimoti yangu ya kwanza ilipita majaribio yote ya kibandani, nilipofika nyumbani kamera ikawa kipofu kabisa. Siku hizi napatana na muuzaji kabla ya kutoa hela: nikiirudisha kesho na kasoro hiyo, anibadilishie. Wengi hukubali ukiwaambia ni ya shule.

Upau usinunue. Hatuuhitaji.

Kalamu

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na nakushauri usiifanye peke yako. Wape wanafunzi wa darasa la sita na la saba waifanye, wewe ushike solda. Mtoto aliyeunganisha kalamu kwa mikono yake hatauogopa ubao.

Kinachohitajika ni taa moja ya LED ya infraredi. Usihangaike kuiagiza. Kila fundi televisheni wa mtaani ana ndoo ya rimoti zilizokufa, na mbele ya kila rimoti kuna taa hiyo, nayo ni ya aina inayoifaa kamera ya Wii. Mwambie, “Fundi, shikamoo, naomba rimoti mbovu mbili tatu za kufundishia,” na mara nyingi utapewa bila malipo. Tatu, kwa sababu moja itakatika mguu wakati wa kuing’oa.

Kwa nini usitumie rimoti nzima ya televisheni kama kalamu? Watoto huuliza hivyo, na swali lao ni zuri. Rimoti ya televisheni haiwaki moja kwa moja. Inapepesa haraka mno, kwa kawaida mara 38,000 kwa sekunde, tena kwa vipande vipande vya ujumbe, na kamera ya Wii inataka nukta iliyotulia. Kwa hiyo tunaing’oa taa na kuiwasha sisi wenyewe.

Taa hiyo inahitaji takribani volti 1.3. Betri moja ya AA ina volti 1.5, basi unaweza kuunganisha moja kwa moja bila rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme. Ukitumia betri mbili, ambazo ni volti 3, lazima uweke rezista ya omu 33 au 39, la sivyo taa itaungua kabla somo halijaisha. Mimi natumia betri moja. Vitu vikipungua, vinavyoweza kuharibika navyo vinapungua.

Chukua maka peni iliyokauka, vuta utambi wake utoke, safisha ndani. Taa inakaa pale ilipokuwa ncha, ikichomoza nje nusu sentimita. Mguu mrefu wa taa ni chanya. Kama miguu imeshakatwa, jaribu upande mmoja kisha geuza. Kwa betri moja hutaiua. Kutoka upande chanya wa betri waya uende kwenye swichi ndogo ya kubonyeza, kutoka swichi uende kwenye taa, na kutoka taa urudi upande hasi. Swichi itokeze ubavuni mwa kalamu, chini ya kidole cha shahada. Betri ya AA haingii kwenye maka nyembamba, hivyo tafuta maka nene au tumia betri ya AAA, ambayo nayo ni volti 1.5.

Macho hayataona chochote ukibonyeza. Fungua kamera ya simu, ile ya mbele ya kujipigia picha, na uielekeze kwenye taa: utaona mwanga wa zambarau. Kamera ya nyuma ya simu nyingi huchuja infraredi, kwa hiyo usikate tamaa ukiijaribu hiyo kwanza na kuona giza.

Jambo la mwisho kwenye kalamu walilifahamu wanafunzi kabla yangu. Taa ya rimoti hutupa mwanga mbele, kama tochi, kwa sababu imeundwa kulenga televisheni. Kamera yetu itakuwa ubavuni, si mbele. Chukua msasa laini usugue kichwa cha taa mpaka kioo kiwe na ukungu, na mwanga utatawanyika pande zote. Kabla ya msasa, mstari wetu ulikuwa unakatika kila mtoto akigeuza kiganja. Baada ya msasa tatizo hilo lilikwisha.

Kuiunganisha rimoti na kompyuta

Natumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa sababu tangu toleo 3.1 la mwaka 2011 kiini chake kinaijua rimoti ya Wii bila kuongezewa kitu. Kwa Windows ipo programu ya Lee mwenyewe, iliyojengwa juu ya maktaba ya WiimoteLib ya Brian Peek. Inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta za zamani, ila wakati wa kuoanisha, yaani kuitambulisha rimoti kwa kompyuta kupitia bluetuthi, usiandike namba ya siri yoyote. Kama laptopu ya shule ina Windows na hamtaki kuigusa, washeni Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye flashi.

Fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, uweke vinavyohitajika:

```
sudo apt install evtest python3-evdev python3-numpy
```

Fungua `bluetoothctl`, andika `scan on`, kisha bonyeza kile kitufe kidogo chekundu kilicho kando ya betri, chini ya kifuniko. Tumia hicho chekundu, si 1 na 2, kwa sababu matoleo mapya ya Linux hukataa kifaa ambacho hakijaoanishwa kikamilifu. Jina likitokea pamoja na anwani yake, andika `pair`, halafu `connect`, halafu `trust`, kila moja ikifuatwa na anwani hiyo. Fanya haraka, maana rimoti husubiri sekunde chache tu kabla ya kulala. Ikilala, bonyeza tena. Ikifanikiwa, taa moja ya bluu itatulia.

Sasa andika `sudo evtest`, chagua kifaa kinachoitwa Nintendo Wii Remote IR, na upepee kalamu mbele ya rimoti ukiwa umebonyeza swichi. Namba za ABS_HAT0X na ABS_HAT0Y zikikimbia, kamera yako ni nzima. Zikibaki 1023 daima, rudi Kariakoo kwa yule mliyepatana.

Mahali pa kuiweka

Hapa ndipo watu wengi hushindwa wakadhani programu ni mbovu.

Rimoti iwe juu ya vichwa vya watu, upande mmoja wa darasa, ikiinamia picha kwa mshazari. Ikiwa katikati nyuma ya mwandishi, mgongo wake utaifunika kalamu. Sisi tumeifunga kwa mipira ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha. Isogeze mbele au nyuma hadi kamera ione pembe zote nne za picha, lakini isiende mbali kuliko inavyohitajika, kwa sababu umbali unakula ukali. Fikiria picha ya mita 2 kwa upana: ikichukua hatua 800 kati ya 1024 za kamera, kila hatua ni milimita 2.5 ukutani, na mwandiko unasomeka. Ikichukua hatua 200, kila hatua ni sentimita nzima, na herufi zinakuwa ngazi.

Kuijua picha inavyoingia ni rahisi: acha `evtest` iendelee, gusa kalamu kwenye kila pembe, soma namba.

Adui mkubwa hapa Dar ni jua. Mwanga wake umejaa infraredi, na kamera ikiona doa la jua ukutani itadhani ni kalamu. Balbu za nyuzi zinazopata moto zina tabia hiyohiyo, ilhali taa za kisasa za LED za darasani hazisumbui. Madirisha yetu hayana vioo wala mapazia, ni nondo tu, na kanga hazikutosha kuzuia jua. Makatoni yaliyobanwa kwenye nondo yametosha. Dirisha linalotazama magharibi lizibeni kabla ya saa tisa alasiri.

Programu fupi

Programu za zamani za kazi hii nyingi hazijatunzwa, kwa hiyo niliandika yangu. Ni fupi kiasi kwamba kijana wa sekondari anayejifunza Python anaweza kuisoma yote. Ihifadhi kwa jina `ubao.py`.

```python
import numpy as np
from evdev import InputDevice, UInput, AbsInfo, list_devices, ecodes as e

rimoti = next(k for k in map(InputDevice, list_devices())
              if k.name == "Nintendo Wii Remote IR")

def nukta():
    x = y = 1023
    for t in rimoti.read_loop():
        if t.type == e.EV_ABS and t.code == e.ABS_HAT0X:
            x = t.value
        elif t.type == e.EV_ABS and t.code == e.ABS_HAT0Y:
            y = t.value
        elif t.type == e.EV_SYN:
            yield None if y > 767 else (x, y)

n, kamera, U = nukta(), [], 10000
for pembe in ("juu kushoto", "juu kulia", "chini kulia", "chini kushoto"):
    print("Gusa pembe ya", pembe)
    while (p := next(n)) is None:
        pass
    kamera.append(p)
    while next(n) is not None:
        pass

A, b = [], []
for (x, y), (u, v) in zip(kamera, [(0, 0), (U, 0), (U, U), (0, U)]):
    A += [[x, y, 1, 0, 0, 0, -u*x, -u*y],
          [0, 0, 0, x, y, 1, -v*x, -v*y]]
    b += [u, v]
h = np.append(np.linalg.solve(A, b), 1).reshape(3, 3)

m = AbsInfo(0, 0, U, 0, 0, 0)
kipanya = UInput({e.EV_KEY: [e.BTN_LEFT],
                  e.EV_ABS: [(e.ABS_X, m), (e.ABS_Y, m)]})
for p in n:
    if p:
        u, v, w = h @ (*p, 1)
        kipanya.write(e.EV_ABS, e.ABS_X, int(np.clip(u/w, 0, U)))
        kipanya.write(e.EV_ABS, e.ABS_Y, int(np.clip(v/w, 0, U)))
    kipanya.write(e.EV_KEY, e.BTN_LEFT, 1 if p else 0)
    kipanya.syn()
```

Endesha kwa `sudo python3 ubao.py`. Itakuomba uguse pembe nne kwa kalamu, moja baada ya nyingine, ukiiachia swichi kila mara. Kwa nini nne? Kamera inautazama ukuta kwa mshazari, hivyo mstatili wa picha unaonekana kwake umepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kuunyoosha kunahitaji kutafuta namba nane zisizojulikana, na kila pembe inatoa milinganyo miwili. Nne mara mbili ni nane. Walimu wa hisabati, hapa mna mfano wa milinganyo ya pamoja ambao mwanafunzi anauona ukifanya kazi mbele ya macho yake.

Hakikisha projekta na laptopu zinaonyesha picha ileile, si kila moja na yake, la sivyo kishale kitaruka kwenda mahali pengine kabisa. Mtu akiigonga rimoti au meza ya projekta, gusa pembe upya. Inachukua nusu dakika.

Darasani

Anzeni na Tux Paint, programu ya bure ya kuchora. Kwa kuandika na kufundishia natumia OpenBoard, inayotokana na Open-Sankoré, mradi uliogharamiwa na Ufaransa kwa ajili ya shule za Afrika na kupewa jina la msikiti na chuo cha kale cha Timbuktu. Kwa jometri, GeoGebra: mtoto anavuta pembe ya pembetatu kwa kalamu na kuona jumla ya nyuzi 180 haibadiliki hata aivute vipi. Siku ya kwanza niliyofanya hivyo, somo la dakika arobaini lilikwenda saa moja na nusu, kwa sababu kila mmoja alisema, “Mwalimu, bado zamu yangu.” Tangu hapo tunatengeneza kalamu mbili, moja ikitumika nyingine ikibadilishwa betri. Zisiwashwe pamoja, maana programu hii inafuata nukta moja.

Kwa sekondari rimoti ina hazina ya pili: kipima mchapuko. Katika `evtest` chagua Nintendo Wii Remote Accelerometer. Laza rimoti mezani ikitazama juu, andika namba ya ABS_RZ, igeuze kifudifudi, andika tena. Nusu ya tofauti ya namba hizo ndiyo mvutano wa dunia kwa kipimo cha rimoti, na mtakuta ni karibu 100. Sasa mna kifaa mlichokipima wenyewe. Ining’inizeni kwa kamba ya mita moja kama penduli, na mzunguko mmoja utachukua sekunde mbili hivi. Iachieni ianguke juu ya godoro kutoka mita 1.25, anguko la nusu sekunde, na namba zote tatu zitakaribia sifuri wakati iko hewani. Wanafunzi wangu wawili walibishana sana juu ya sifuri hiyo, kwa sababu mvutano haujazimika, na ubishi wao ulifundisha zaidi ya maelezo yangu. Jaribio hili halihitaji projekta, kwa hiyo umeme ukikatika, chaji ya laptopu inatosha kumalizia kipindi.

Mtoto yeyote anayeipunga rimoti avae ule mkanda wa mkononi. Desemba 2006 Nintendo yenyewe ililazimika kuwabadilishia wateja mikanda baada ya ile ya awali kukatika na rimoti kuruka.

Ukikutana na vifaa vingine kwenye kapu hilohilo: Kinect ya mwaka 2010, kamera ya mashine ya gemu ya Xbox, inaona mwili mzima, ila hakikisha ina adapta yake ya umeme, kwani USB peke yake haiiwashi. Rimoti ya PlayStation Move huoanishwa kwanza kwa waya. Joy-Con, rimoti za mashine ya gemu ya Switch, zinatambuliwa na Linux tangu toleo 5.16. Zote zina matumizi, lakini kwa fedha ya shule ningeanza na Wii.

Kabla ya likizo, toa betri kwenye rimoti na kwenye kila kalamu, funga vyote kwenye kopo lenye kifuniko, na ndani yake weka karatasi yenye anwani ya bluetuthi na nakala ya programu. Joto na unyevu wa pwani hii huvujisha betri ndani ya miezi michache, na mwalimu atakayefungua kopo Januari huenda si wewe.